Kinyumenyume Hadi Kwenye Tangi

Mama Émérence Mwepu amefundisha nusu ya Likasi kuendesha gari, na nusu nyingine ameiangusha kwenye mtihani. Mimi niliangushwa mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau kuangalia kioo. Mara ya pili nilikiangalia sana, nikagonga uzio wa jirani huku ninakiangalia. Sikumchukia. Sijapata kuona mtu anayemchukia, kwa sababu huwaangusha watu kwa upole, akiwa amewashika mkono na kuwauliza habari za wazazi.

Shule yake ya udereva ina gari moja jeupe, lenye breki ya pili upande wa mwalimu, na chumba kimoja ambacho kuta zake zimejaa picha za alama za barabarani. Kwa miaka ishirini na sita hajazidi kilomita thelathini kwa saa. Si kwamba anaogopa. Anasema tu bado hajaona sababu. Malori ya madini yakimpigia honi kwa nyuma, anawasha taa ya pembeni, anasogea, anayapisha, kisha anamsalimia dereva kwa jina, maana mara nyingi ni yeye aliyemfundisha.

Mume wake, Papa Fidèle, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa fundi wa umeme kiwandani, na siku moja alirudi nyumbani na gari la michezo lililokuwa ndani ya magunia na makarai. Mzungu mmoja mzee alikuwa amelifungua lote ili alitengeneze, akazeeka kabla ya kulifunga. Fidèle alilifunga kwa miaka kumi na mmoja. Lilipokamilika lilikuwa na milango miwili, rangi ya kijani kama chupa, na lilikuwa chini kiasi kwamba ukiketi ndani unatazamana na magoti ya watu. Aliliendesha Jumapili chache, kisha moyo wake ukasimama akiwa kazini. Katika Jumapili hizo zote hakumruhusu mke wake kushika usukani hata mara moja. Alisema, "Weye utaifundisha kutembea kwa miguu."

Basi gari lilibaki uani chini ya turubai kwa miaka mitatu. Kila Jumamosi Mama Émérence alilifunua, akawasha injini dakika kumi, akalisogeza mita moja mbele na mita moja nyuma ili matairi yasilale upande mmoja, akalifunika tena. Sisi majirani tulizoea ule mngurumo kama tulivyozoea kengele ya kanisa.

Sasa nimtaje Papa Jimmy. Huyu ana duka la dawa katikati ya mji, na ndiye aliyeanzisha klabu ya watu wanaopenda magari ya mbio. Mwaka jana aliumwa homa ya manjano, akalazwa kitandani wiki tatu, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya aliandika kanuni za klabu, vifungu arobaini na viwili. Vingi alivinakili kutoka kwenye kanuni za nchi nyingine, ndiyo maana kimoja kinaeleza la kufanya theluji ikianguka njiani. Kifungu cha saba kinasema mashindano ya kupanda mlima si mashindano mpaka magari sita yafike juu. Kifungu cha mwisho kinasema hakuna kifungu kitakachobadilishwa ila na mkutano mkuu, ulioitwa siku thelathini kabla.

Mlima ulichaguliwa ule wenye tangi la zamani la maji juu yake. Njia yake ina urefu wa kilomita moja na mita mia nane, na kona tisa. Kona sita za kwanza zina lami iliyochoka, tatu za mwisho ni udongo mwekundu mtupu. Ilipangwa Jumamosi iwe ya kujaribu na Jumapili ya mashindano yenyewe, mwezi wa nane, wakati hakuna tone la mvua. Magari sita yaliandikishwa. Alhamisi, mshindani mmoja kutoka Mulungwishi alipiga simu kusema kwamba mke wake ametoa gari lao limbebe bibi harusi siku hizo hizo mbili, na kwamba hana la kusema zaidi. Yakabaki matano.

Papa Jimmy alikuja kwa Mama Émérence jioni hiyo. Mimi nilikuwa uani kwake nikimsaidia kukunja mashuka, kwa hiyo niliyasikia yote. Aliomba lile gari la kijani, liendeshwe na Rolly, fundi wa klabu. Mama Émérence hakukataa wala hakukubali. Aliomba kuziona kanuni. Alivaa miwani akasoma vifungu vyote arobaini na viwili, taratibu, huku Papa Jimmy akinywa maji bilauri mbili. Kisha aliingia ndani akatoka na karatasi ya bima. Kanuni zilidai kila gari liendeshwe na mtu aliyeandikwa kwenye bima yake, na kwenye bima hiyo kulikuwa na majina mawili tu: la Fidèle na la kwake.

"Papa Jimmy," alisema, "Fidèle haiko tena. Kumebakia minye."

Papa Jimmy aliweka bilauri chini. Kisha akamuuliza kwa adabu kama anaelewa kwamba haya ni mashindano, na kwamba katika mashindano muda ni jambo kubwa. Mama Émérence akamjibu kwamba katika maisha yake hajawahi kuchelewa mahali popote.

Jumamosi asubuhi nilipewa bendera ya njano nikapangwa kwenye kona ya nane. Kazi yangu ilikuwa kuipunga gari likikwama. Magari mengine matano yalikuwa ya michezo kwa sababu wenyewe walisema hivyo. La Papa Jimmy lilikuwa la njano, na nyuma yake lilifungwa bawa alilolikata kutoka kwenye bati la kuezekea. La Michée, muuza saruji, lilitolewa viti vyote isipokuwa kimoja. Dan, kijana mwenye mabega mapana anayeendesha malori makubwa katika mgodi wa Kakanda, alikuja na gari la dada yake alilolichora mistari. Mwoka mikate na daktari wa meno walikuja na ya kwao, wamebandika namba milangoni kwa plasta ya hospitali. Yalipanda moja moja, yakapiga kelele sana, yakanifunika vumbi, na hakuna lililotumia zaidi ya dakika tatu.

Kisha akaja Mama Émérence. Nilimsikia akiondoka chini, halafu sikusikia kitu tena kwa muda mrefu. Kwenye kona ya tano ile njia inakatana na njia ya wafyatua matofali, na pale kuna alama ya kusimama ambayo imefutika hata watu wamesahau kwamba iliwahi kuwa nyekundu. Alisimama. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akamwacha mzee mmoja mwenye baiskeli na gunia la makaa apite, kisha akaendelea. Kila kona aliiwashia taa ya pembeni. Aliponifikia alishusha kioo akanishauri nivae kofia, jua kali.

Juu kabisa, kwenye tangi, alikuwa Papa Mukendi na saa yake. Huyu alikuwa mkuu wa stesheni kabla ya kustaafu, na anajivunia kwamba hakuwahi kutangaza treni kabla haijaonekana. Dakika nane zilipopita bila gari, aliamua kwamba Mama Émérence amerudi nyumbani, akafungua sahani yake ya bukari, ugali wetu, na samaki. Gari lilipovuka mstari, saa ilikuwa mfukoni na mdomo ulikuwa umejaa. Kwenye daftari rasmi aliandika: "Inasadikika dakika kumi na moja."

Kulikuwa na jaribio la pili mchana. Gari la kijani lilifika kona ya pili tu, likapiga sauti kama ya sufuria iliyoanguka, likasimama. Sote tulishuka kutazama. Rolly aliingia chini yake akakaa humo kwa muda, tukaona miguu yake tu. Alipotoka alijifuta mikono polepole kama daktari.

"Vitesi za mbele zote zimekufa, Mama," alisema, akimaanisha gia. "Inabakia ya nyuma moja tu."

Mama Émérence aliuliza kama kipuri kinapatikana Lubumbashi. Rolly akasema hata Johannesburg angeshangaa. Wanaume wakaanza kutafuta kamba ya kulivuta. Mama Émérence aliwashukuru, akaingia ndani, akawasha taa zote za tahadhari, akageuza shingo na kulirudisha nyumbani kinyumenyume. Ni kilomita tatu, katikati ya mji, saa ya soko. Alipita mbele ya posta, mbele ya kanisa, akazunguka mzunguko wa barabara kama inavyotakiwa. Polisi aliyekuwa pale aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Alisimamisha magari ya pande zote nne, akampigia saluti.

Saa kumi kamati ilikusanyika uani kwake. Papa Jimmy alikuwa na uso wa msiba. Bila gari la sita hakuna mashindano, na bila siku thelathini hakuna wa kugusa kanuni. Michée akasema kanuni ameziandika Jimmy mwenyewe, basi azifute. Papa Jimmy akasema ndiyo sababu hawezi: mtu akianza kufuta alichokiandika mwenyewe, nani atamwamini katika dawa? Daktari wa meno alipendekeza mashindano yaitwe matembezi.

Mama Émérence alikuwa anagawa chai. Alipomaliza kikombe cha mwisho alisema atapanda kinyumenyume.

Walicheka, kisha wakaona yeye hacheki. Papa Jimmy alifungua kanuni akatafuta kifungu cha kukataza. Alikuta cha theluji, cha mbwa njiani, na cha madereva wenye ndevu ndefu. Kuhusu gari kutazama wapi hakukuwa na neno. Kilichokuwapo kilisema tu kwamba gari lipande kwa nguvu zake lenyewe, kutoka mstari wa chini hadi mstari wa juu. Papa Mukendi akakumbusha kwamba saa husimamishwa pua ya gari inapovuka mstari, na gari likipanda hivyo pua itavuka mwisho. Walijadili suala la pua kwa robo saa nzima. Mama Émérence akasema haina neno, anakubali kupoteza urefu wa gari.

Jumapili tulikwenda misa ya kwanza. Padri alikuwa ameombwa asimtaje mtu yeyote. Hakumtaja. Aliwaombea tu, kwa sauti ile ile ya siku zote, wote wanaokwenda kinyume, na kanisa zima likainamisha vichwa mabega yakitikisika.

Wakati sisi tunasali, jambo lingine lilikuwa linatendeka mlimani. Watazamaji walikuwa wamelalamikia vumbi la Jumamosi, kwa hiyo Papa Jimmy aliomba lori la maji linyunyize zile kona tatu za udongo. Mwenye lori alijitolea kwa moyo safi. Alinyunyiza kona ya saba vizuri. Kwenye kona ya nane alikutana na shemeji yake ambaye hawakuonana tangu Krismasi, akashuka kumsalimia, bomba likiwa wazi. Nilipofika na bendera yangu, kona ya nane ilikuwa uji mwekundu, na lori lilikuwa limekwenda zake likiwa tupu. Nilipiga simu chini. Niliambiwa maji kidogo hayajawahi kuua gari.

Mpangilio ulikuwa wa aliyechelewa Jumamosi kutangulia, basi Mama Émérence alikuwa wa kwanza. Waliokuwa chini walinisimulia. Gari lilisimama mstarini limewapa watu uso na mlima mgongo. Alivaa kofia ngumu ya mwendesha pikipiki, akafunga mkanda, akapanga vioo vitatu, akaweka mto wa kochi chini yake ili aone vizuri kwa nyuma, akatia mkono wa kulia kwenye kiti cha pembeni. Bendera iliposhuka aliwasha taa ya pembeni, akahakikisha hakuna mtu anayekuja, akaondoka. Wale watu wanasema hawajawahi kuona gari likiondoka huku linawatazama. Taa zake za mbele zilibaki zinawaelekea mpaka kona ya kwanza, na wengine walipunga mkono kama mtu anayesindikiza msafiri kwenye basi.

Yaliyotokea njiani aliniambia mwenyewe baadaye. Kona nne za kwanza hakufikiri kitu isipokuwa kona. Kwenye alama ya kusimama alisimama, akaangalia pande zote mbili, ingawa njia ilikuwa imefungwa na polisi wawili. Baada ya hapo kuna kipande kilichonyooka. Pale aliweza kutumia vioo, shingo ikapumzika, na macho yakaangukia mbele. Mbele kulikuwa na Likasi yote: bomba la moshi la kiwanda, mabati yenye kutu, miti ya jakaranda kwenye njia za katikati ya mji, na vilima vya upande wa Shinkolobwe vikiwa vya buluu. Mji ulikuwa unaondoka polepole, na yeye anautazama. Akafikiri kwamba Fidèle, katika zile Jumapili zake, alipita hapa kwa kasi na hakuona hata kimoja. Alimwonea huruma kidogo, kisha akamkasirikia kidogo, kwa sababu angeweza kumbeba kwenye kiti cha pembeni angalau mara moja, na hakumbeba. Ikafika kona ya sita, akarudisha macho nyuma.

Mimi niliona kwanza buti la gari likitokea kwenye kona, taratibu, kama mtu anayeingia chumbani akiwa anaongea na aliye nje. Liliingia kwenye matope. Niliinua bendera nikiwa tayari. Halikuteleza. Magurudumu ya mbele yalitafuna ule uji bila haraka, gari likapanda, na mwenyewe akaniambia kupitia dirishani, "Martine, toka pale kwa mutaro, utaanguka."

Safari hii Papa Mukendi alikuwa wima, saa mkononi, tumbo tupu. Pua ilivuka mstari kwa dakika nane na sekunde hamsini na mbili.

Sasa ikawa zamu ya Michée. Alikuja na kelele zake zote mpaka kona ya nane, na pale magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Gari lilirudi nyuma lenyewe, likakaa kando. Alijaribu mara nne. Mara ya tano lililala upande upande likaziba njia. Nilipunga bendera mpaka mkono ukachoka. Rolly alipanda kwa miguu akaangalia, akakuna kichwa, akanieleza: haya magari yote yanavutwa na magurudumu ya mbele. Mlimani uzito unakaa nyuma, ya mbele yanakosa cha kushika. Ukiligeuza gari, uzito unayakalia yale yale yanayovuta.

Wakati anasema hayo, Mama Émérence alikuwa anashuka kutoka juu kwa miguu, mkoba begani, kofia ngumu bado kichwani.

"Michée, geuza motokari," alisema.

"Madame, kurudi nyuma minye siyuake. Weye mwenyewe njo uliniangusha juu ya ile," Michée akamkumbusha mtihani wake.

"Njo ile. Leo utajua."

Alimshusha hadi mahali papana chini ya kona, akamgeuza, akasimama kwenye ukingo wa njia akaanza kumwelekeza kwa mikono miwili. Kushoto kidogo. Si kushoto kwako, kushoto kwa motokari. Simama. Pumua. Angalia kioo, usiniangalie mimi. Michée alipita matope kinyumenyume, akagonga ukingo mara mbili, akafika juu kwa dakika ishirini na tatu. Saa ya Papa Mukendi haikusimama kwa ajili ya masomo.

Habari zilishuka mlimani haraka kuliko gari lolote. Watazamaji walihama kutoka mstari wa mwisho wakaja kujaa kwenye kona yangu. Mwoka mikate alikuja, akakwama, akageuzwa, akapandishwa. Daktari wa meno alifumba macho kwenye kipande kigumu, na Mama Émérence akamwambia kwamba yeye mwenyewe asingependa daktari afumbe macho wakati anamng'oa jino. Dan wa Kakanda alijaribu mbele mara sita kwa sababu ya kiburi, kisha akashuka, akaangalia matope, akakumbuka kwamba kazini hurudisha nyuma lori la tani mia kila siku mpaka ukingoni mwa shimo. Aligeuza gari la dada yake, akapanda kinyumenyume kwa mkupuo mmoja, amenyooka kama uzi. Mama Émérence alimtazama mpaka akapotea kwenye kona ya tisa. Aliniambia kwamba kwa miaka ishirini na sita alikuwa anaisubiri shingo kama ile. Dakika kumi na mbili na nusu.

Akabaki Papa Jimmy. Jambo hili mjini linajulikana, ingawa halisemwi mbele yake: aliwahi kufanya mtihani wa Mama Émérence mara nne, akaanguka zote nne kwenye kurudi nyuma, akaenda kuchukua leseni mji mwingine. Siku hiyo alikataa kugeuza gari. Alisema yeye ni rais wa klabu na atafika juu akiwa anatazama anakokwenda. Alijaribu kwa nusu saa. Bawa la bati lilichomoka likaangukia mtaroni, likalia kwa muda. Watu walikuwa wamekaa chini wanakula karanga, wengine wamefungua miavuli. Mwishowe alizima injini, akatoka, akatembea ndani ya matope mpaka alipokuwa Mama Émérence. Mimi nilikuwa karibu.

"Mama, nifundishe," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini pole pole, batu basisikie."

Kanuni zilikataza abiria. Kwa hiyo Mama Émérence hakuingia garini. Alitembea kando yake, mkono mmoja kwenye fremu ya dirisha, akimwambia maneno ambayo sikuyasikia, wala hakuna mwingine aliyeyasikia, ingawa watu mia mbili walinyamaza ghafla kama wameambiwa. Lilikwenda hivyo, gari la njano na mwanamke wa miaka hamsini na saba, mwendo wa maziko, kona ya nane, kona ya tisa, hadi kwenye tangi. Dakika arobaini na moja na sekunde sita. Gari la sita lilikuwa limefika, na kwa hiyo mashindano yalikuwa mashindano.

Papa Mukendi alipanda juu ya kreti akasoma matokeo kwa sauti ya stesheni. Wa kwanza, Mwepu Émérence. Wa pili, Dan. Papa Jimmy, kama mshindani, aliona ana haki ya kupinga. Kanuni zilitaka pingamizi liandikwe na kukabidhiwa kwa rais. Aliomba kalamu, akaandika, akajikabidhi. Kisha akasogea kando, akalisoma kwa makini, akarudi kutangaza kwamba rais amelitafakari pingamizi na kulitupilia mbali, kwa kuwa hakuna kifungu kilichovunjwa. Nadhani siku ile ndipo nilipoanza kumheshimu.

Mkutano mkuu ulifanyika siku thelathini baadaye, kihalali. Kifungu cha theluji hakikuguswa. Kiliongezwa kimoja kinachosema gari linaweza kupanda likitazama upande wowote, na kwa mashindano yajayo watu kumi na mmoja wamejiandikisha kwenye kundi la kinyumenyume. Saba kati yao wanachukua masomo. Kombe liko ofisini kwa Mama Émérence, limejaa kalamu.

Ila Jumapili ile, watu walipokwisha kupiga picha, gari la kijani lilikuwa bado juu ya mlima na gia moja tu. Rolly alikuwa anavuta la Papa Jimmy kwanza. Mama Émérence alilitazama gari, akatazama mteremko, akaniambia niingie.

Lazima niseme kwamba kushuka mlima bila gia ni jambo ambalo yeye amewaangusha watu kwalo bila hata kuwashika mkono. Alijua, na mimi nilijua. Aliwasha injini ili breki zisife, akaiweka gia huru, akaachia. Pua ilikuwa tayari inatazama bonde, gari likaanza kwenda. Tangu Jumamosi mchana halikuwa limekwenda mbele.

Mwanzoni alikanyaga breki kila mita kumi. Matope ya kona ya nane tuliyapita kama kipande cha sabuni, na mimi nilishika kiti kwa mikono miwili. Baada ya kona ya saba aliacha breki. Sikuangalia kipimo cha mwendo, lakini miti ya pembeni ilianza kuungana, na upepo ukaingia kwa madirisha ukapeperusha karatasi za bima. Kwenye alama ya kusimama hatukusimama. Nilimtazama. Alikuwa anatazama mbele, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu anayesikiliza habari nzuri kwenye simu.

Mteremko ulipoisha, gari lilizidi kwenda lenyewe kwenye njia tambarare, likipungua, likipungua, mpaka likasimama mbele ya mama mmoja anayeuza mihogo ya kuchoma. Yule mama alituuliza kama tunataka. Mama Émérence alivua kofia ngumu, akapokea mihogo kwa dirisha, akanipa mmoja wa moto. Tulikula mle mle garini. Rolly alipofika na kamba, akainama kuifunga kwenye gari, Mama Émérence alimwomba angoje kidogo. Alikuwa hajamaliza.